Siri ya Rafiki Yangu Niliipeleka Kwenye Maombi

Admin, naomba unifiche, maana Bukavu hii watu tunajuana. Mimi ni mama wa miaka 34, ninaishi Cimpunda na mume wangu na watoto watatu. Kanisani kwetu mimi ni mwombezi. Ninaandika nikilia, mnisamehe kama maneno yatagongana.

Nina rafiki, nitamwita Neema. Tulijuana kwenye korali, kwaya ya kanisa letu, miaka tisa iliyopita, yeye akiwa mgeni mjini. Nilipofiwa na mama yangu, Neema alihamia kwangu wiki nzima, akapika, akaogesha watoto wangu. Mchungaji alitutolea mfano kanisani, kwamba urafiki ndani ya Kristo ndio huu. Nilivimba kichwa, sitaficha.

Mwaka jana alinifungulia moyo. Kabla ya ndoa alizaa mtoto wa kike, analelewa na shangazi yake Bunyakiri, na mumewe hajui. Akaniambia, "Maman, naambia weye tu, na dada yangu. Uniombee nipate nguvu ya kumuambia bwana yangu."

Niliomba peke yangu majuma mawili. Halafu siku ya kufunga na kuomba nikalipeleka jambo lile kwa waombezi wenzangu. Kwetu ukisema "tumuombee dada mmoja" bila jina, hakuna anayeuita umbea. Nikasema dada mmoja wa korali ana mtoto Bunyakiri na mume hajui. Wamama wakapiga magoti, wengine wakatoa machozi. Jamani, korali yetu nzima mtu wa Bunyakiri ni mmoja tu! Akili yangu ilikuwa wapi? Na niseme ukweli wote: nilisikia utamu kujua jambo ambalo wenzangu hawakulijua.

Mwezi haukuisha. Mtu akamuuliza mumewe sokoni, "Ule mutoto wa bibi yako iko Bunyakiri, utamuleta lini?" Siku hiyo hiyo Neema alifukuzwa.

Sasa anaishi kwangu, analala na watoto wangu. Anaamini aliyemuuza ni dada yake, kwa kuwa mimi hanidhanii hata kidogo. Dada huyo amekuja mara tatu mlangoni akiapa kwamba hakusema. Neema hutaka mimi ndiye nimfukuze, na mara zote tatu nimemfukuza. Mara ya mwisho dada huyo alinishika mikono: "Maman, weye ni mutu wa Mungu, umuambie siye mimi." Nikamwambia aende tu.

Mume wangu anasema ninyamaze, Mungu ameshanisamehe. Kiongozi wa waombezi anasema sisi tuliomba, hatukusengenya. Lakini jana asubuhi Neema alisema, "Tupige magoti, uombe Mungu anitoshee, aniondolee moyoni, hii chuki niko nayo kwa dada yangu." Nikaomba. Sauti ilinikatikia katikati, naye akadhani ni huruma, akanikumbatia.

Kesho Jumapili dada yake anahamia Kamanyola na familia yake. Nikisema ukweli, Neema atampata dada yake, na mimi nitampoteza Neema. Hicho ndicho kinachoniziba mdomo, wala si kumhurumia. Nimechoka, ndugu zangu, hata kula siwezi. Ninyi mnaomcha Mungu, nishaurini leo, kesho nitakuwa nimechelewa: nikikaa mbele yake, nianze na neno gani?