Jibu Moja Tulilompa Esha

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, sikuyasema ili mnionee huruma. Huruma tumeishiba.

Nakumbuka siku ya harusi ya jirani yetu, hapa Amu. Mjukuu wangu Esha, msichana mkubwa ambaye akili yake huenda polepole, alikuwa jikoni na akina mama. Tangu utotoni tulimfundisha jibu moja: akiitwa, aitike "Labeka," kisha atende. Samaki mkunje angali mbichi, na sisi tulimkunja hasa. Mtaa mzima ukamsifu adabu, na mtaa mzima ukamtumia: akune nazi, abebe maji, aoshe masinia. Watoto wao wamekaa na simu.

"Esha! Epua sufuria ile," akasema Bi Zuhura.

"Labeka."

Akaishika kwa mikono mitupu, viganja vikaungua. Vitambaa vya kushikia vilikuwa pale kando, ila hakuambiwa avitwae. Mmoja akacheka: "Huyu ukimwambia ajitose baharini, atajitosa!" Jioni wakaniletea sinia la pilau, na nyama nzuri nzuri juu. Nikawapa paka. Paka wa Amu hawana kinyongo.

Binti mmoja kutoka mji wa Faza, mwalimu wa watoto kama Esha, akaja kumtazama.

"Bi, mfundishe kukataa."

"Mimi sifundishi ujeuri."

"Mbona nyinyi mwakataa kila siku, na hakuna awaitaye jeuri?"

Basi kila baada ya alasiri nikawa namnyoshea Esha birika tupu, tukijifanya lachemka. "Shika!" Akaitika labeka. Nikalirudisha, tukaanza tena. Mpaka akajua kuweka kiganja mbele na kusema, "Sitaki. Moto."

Mikono haijapona vyema, Bi Zuhura yuleyule akasimama mlangoni: "Esha, njoo uoshe masinia."

Esha akaweka kiganja mbele, kidonda cha moto kikionekana. "Sitaki."

"Bi, mmemharibu mtoto!"

Mwanangu Athmani, ami yake Esha, akainua mkono ampige. "Muombe radhi mtu mzima!"

Mwanangu usomaye, adabu isiyojua kusema la ni kamba shingoni mwa mnyonge, na anayeivuta humsifu. Mfundishe kukataa, kisha kaa karibu naye, maana siku ya kwanza atakapokataa ndipo atakapopigwa. Mola awape wanyonge wenu ulimi, na nyinyi awape masikio.

Athmani nilimwambia palepale, Bi Zuhura akisikia na nyumba nzima ikisikia: "Shusha mkono huo. Katika nyumba hii, Esha akisema hataki, mtu asimwambie mara ya pili. Hata mimi."