Bernadeta Ateka Kiti cha Meneja

Bernadeta ana sauti ya kuamsha mtaa mzima wa Cheyo. Kwa miaka minane tulijaza asali kwenye chupa kiwandani, meza moja, yeye akinicheka, "Mwanahawa, mtoto wa mjini, mzinga huujui." Tulikaa kwenye vigoda, tukapiga soga, na chupa zikajaa. Kazi ile aliipenda kuliko wengine wanavyopenda mshahara.

Kisha akaletwa meneja mpya kutoka Dar es Salaam, Shaban. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu alikuja, wenyeji tukaugua. Wiki ya kwanza vigoda viliondolewa, ati anayekaa anasinzia. Ya pili, maongezi yakapigwa marufuku. Shikamoo hakumpa mtu, hata wenye umri wa mama yake. Mtu mzima ovyo!

Miezi mitano ilimmaliza Bernadeta. Usingizi ukamkimbia, chakula kikamshinda. Nyumbani akawa mkali, watoto wakisikia mlango wa uani wanajifanya wamelala.

"Mwanahawa," aliniambia siku moja akilia waziwazi, "ninawafokea wanangu kwa makosa ya mtu mwingine."

Nilikasirika sana. Yeye akaandika barua ya kuacha kazi, ingawa hakuwa na kazi nyingine.

Jumatatu saa mbili asubuhi nilimsindikiza kuipeleka. Mlango wa ofisi ulikuwa wazi, Shaban amesimama dirishani ametupa mgongo, anaongea na simu.

"Mama," alisema kwa unyonge, "mimi Mzaramo wa Kisarawe, huku nitacheka na nani? Hakuna hata wa kunitania."

Bernadeta akanitumbulia macho. Mzaramo! Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara ya kwenda pwani, na mtani akikuteka kitu huna ruhusa ya kununa, unakikomboa tu. Miezi mitano tunaumwa, kumbe hakuna aliyemuuliza kabila lake!

Barua akaichana. Akainua kiti cha meneja, kile cha magurudumu, akajitwika kichwani mpaka kwenye meza ya asali, akakikalia.

Shaban akatoka mbio. "We mama, una wazimu?"

"Shikamoo yako iko wapi, Mzaramo? Babu zangu walibeba pembe za ndovu mpaka kwenu, mimi nishindwe na kiti? Nimekiteka. Kikomboe!"

Midomo ya Shaban ikachezacheza, kisha kikamtoka kicheko cha mtu aliyekibana muda mrefu.

"Shikamoo, mtani," akasema akifuta machozi. "Wanyamwezi kwa kupora! Unataka nini?"

"Vigoda vyetu. Na ruhusa ya kuongea."

Akabisha, asionekane ameshindwa upesi. Bernadeta hakuinuka. Ilipofika saa nne, Shaban alikuwa anasimamia mguu mmoja mmoja. Akaenda stoo, akavileta vigoda mwenyewe, akavipanga. Tukapiga vigelegele hadi wapita njia wakadhani kuna harusi, na siku hiyo chupa zilijaa kuliko siku zote za ukimya aliotuwekea.

Jioni tulirudi pamoja, maana tumepakana ua. Bernadeta aliingia kwake akiimba kwa sauti ile ile ya zamani. Binti yake mdogo, Kulwa, akachungulia mlangoni, akamtazama kwa wasiwasi.

"Mama, unaimba? Wamekufukuza kazi?"

Bernadeta akamnyanyua juu, akacheka mpaka nikamsikia nikiwa jikoni kwangu.