Saa ya Mnara na Kiti cha Mwalimu

Kutoka Molo hadi Naivasha hakuna mtu anayepiga mnada wa mchango kunishinda. Kondoo mmoja naweza kumuuza mara sita, na kila mnunuzi akamrudisha akicheka.

Mwaka juzi tulikutana hapa Nakuru kuchangia chuo kikuu. Wakubwa wa chuo walitaka mnara wenye saa, nami nikausifu: utaonekana hata kutoka kwa gari moshi, na saa yake italia kwa nguvu. Walikuja na mlezi wa wanafunzi, mwalimu mpole anayeishi nao bwenini, na kazi waliyompa ilikuwa kushikilia karatasi ya ramani ya mnara ukutani isianguke. Katikati ya mnada akainua mkono mmoja.

"Wazee, kabla ya saa, vijana hawana chumba cha wagonjwa. Akiugua mmoja, bweni zima linakohoa."

Akina mama wakaguna kwa huruma. Nikaona mnada wangu unapoa.

"Mwalimu," nikasema, "shikilia karatasi. Kikohozi hakionekani kutoka kwa gari moshi."

Ukumbi ukacheka. Akashusha mkono, akashikilia karatasi.

Mwezi uliopita nikaitwa chuoni. Mwanangu, anayesoma huko, ana nimonia. Nilimkuta kwenye kitanda cha mwalimu yule yule, na mwalimu mwenyewe wiki ya pili analala kitini.

"Karibu mzee," akasema, akinipisha kile kiti. "Kile chumba nilichoomba, ndicho hiki."

Nje saa ikalia kwa nguvu, kama nilivyoisifu, na kijana akashtuka usingizini.

Mchango mwingine ukiitishwa, mwenye kuishi na vijana aseme kwanza. Karatasi nitashikilia mimi.