Mtoto wa Mbao

Asubuhi ile mama alikuwa anamwogesha Kyungu, pacha wangu. Kyungu alikufa tukiwa wachanga. Kwa desturi yetu, kando ya Ziwa Tanganyika, baba akamchongea mtoto wa mbao wa urefu wa kiganja, na mama akamtunza kama mzima: maji ya uvuguvugu, mafuta ya mawese, unga kidogo mdomoni. Jumapili mama anaimba kwaya, Jumatatu anaogesha mti! Mimi, msichana wa miaka kumi na saba mwenye mdomo, nilikuwa namcheka.

"Cheka tu," alisema. "Muko wawili. Sitaacha mumoja."

Alikuwa na sababu. Bibi yake aliwaona wafanyabiashara wa kwanza wa Kizungu wakija na chumvi na vitambaa, wakiondoka na pembe za ndovu na watoto wa mbao. Watoto wa mbao waliobaki, mapadri wakawachoma. Tangu hapo watu wa kwetu huwaficha kwenye vikapu vya unga.

Adhuhuri tukasikia risasi.

Mama akabeba blanketi na jembe. "Weye beba Kyungu!"

Kikapu cha unga alimofichwa kilikuwa mbele yangu. Nikabeba sufuria. Niliwaza tutapikia nini porini.

Tulikimbia mpaka kwenye matete ya mto.

"Kyungu iko wapi?"

Nikamwonyesha sufuria.

Hakunigombeza. Aliweka blanketi chini, akageuka, akarudi kijijini, ambako moshi ulikuwa umeshaanza.

Nilimsubiri siku mbili. Yesu wangu, siku mbili! Hakurudi.

Bon, basi. Miaka ilipita, nikafika Bruxelles, kwa Wazungu, nikapata kazi ya kutunza wazee. Kaka yangu Ilunga, ambaye wakati wa vita alikuwa Lubumbashi, ndiye aliyenipokea kwake, mtaa wa Saint-Gilles. Nilimwambia mama alichoka njiani tulipokimbia, akafa. Kila Jumapili tulikula bukari, ugali wa kwetu, pamoja, naye hakuuliza zaidi.

Kwenye mtaa wa Etterbeek nilimhudumia Madame mmoja mzee sana. Siku ya kwanza ya kufuta vumbi sebuleni kwake, juu ya kabati la vitabu nikamkuta mtoto wa mbao, uso umelika kwa kuogeshwa. Nikamwuliza Madame walimpata wapi.

"Babu yangu hakuiba," Madame aliniambia. "Alitoa chumvi."

"Madame, hakuna mama anayeuza mtoto kwa chumvi. Mama yangu alirudi kwenye risasi kwa ajili ya mmoja kama huyu. Mimi ndiye niliyemwacha mtoto huyo."

Nilijisikia nikiyasema hayo mbele ya mgeni, kabla ya kumwambia ndugu yangu, na aibu ikanikamata. Madame akamshusha yule mtoto, akaninyooshea: nimchukue, ni wangu. Nikakataa. Alikuwa wa mama mwingine.

Kutoka pale nilipanda tramu moja kwa moja hadi kwa Ilunga, nikamweleza yote, pamoja na sufuria. Alisikiliza amesimama, mkono kwenye mlango wa friji.

"Donc, kumbe ilikuwa weye," alisema.

"Nilikuwa mutoto, yaya," nikamwambia kaka yangu mkubwa.

Akafunga friji, akaingia chumbani.

Tukikutana Matonge, kwenye maduka ya watu wa kwetu, ananisalimia vizuri, anauliza afya. Jumapili ninakula peke yangu, na inaniuma, sitaficha. Ningenyamaza, ningekuwa bado na kaka. Lakini kwake mama angebaki mwanamke aliyechoka njiani, na mama hakuchoka.