Tulisikia Wanacheka

Nilifika Itigi nikiwa juu ya magunia ya mchele. Lori lilitutoa Mbeya, tukapita Chunya na Makongolosi, kisha ikaanza ile barabara ya Rungwa ambayo unaweza kusafiri nusu siku usione paa la nyumba. Mbung'o walituuma mpaka tukajifunika turubai kwenye jua kali. Sikujua naenda kufanya nini. Maisha yangu nimekuwa mtu wa kushuka pale gari linapoharibikia, na lile liliharibikia Itigi, karibu na reli.

Nikapata kazi kwenye banda la asali. Wafugaji nyuki walileta masega, sisi tukakamua, tukachuja, tukajaza ndoo. Tulikuwa watano pamoja na msimamizi, mama wa Kinyaturu mwenye sauti ndogo, ambaye kila asubuhi tulimpa shikamoo kabla ya kugusa chombo. Alikuwa na sharti moja: asali haichujwi na watu walionuniana. Akiona wawili hawasemezani, hakuuliza sababu. Alifunika mapipa, akafunga mlango kazi ikiwa katikati, akasema, "Leo hatufanyi kazi. Bebeni chai."

Tuliondoka na aproni zetu hadi vichakani, ambako miti imebanana kiasi kwamba njia inamtosha mtu mmoja. Walionuniana walitangulia peke yao. Sisi tulikaa chini tukasubiri. Hatukuruhusiwa kuwafuata mpaka tuwasikie wanacheka. Tukishasikia, tulimimina chai tukawaacha wamalizane, wenyewe watarudi. Mimi pia niliwahi kutangulizwa, na dada mjazaji wa ndoo aliyekuwa akiniita mtalii. Tulirudi tukiwa ndugu. Katika miji yote niliyofanyia kazi, hakuna mahali pengine nilipopendwa na wenzangu namna ile.

Mara ya mwisho waligombana mashemeji wawili. Mdogo alikuwa amemwoa dada wa yule mkubwa, na dada huyo alikuwa amerudi kwao. Kaka mtu alisema dada yake harudi kwa mume. Wiki nzima wakapishana bandani kama watu wasiojuana. Mama akafunika mapipa.

"Nendeni, maharusi," dada mjazaji akawatania. "Mkichelewa tunakula mihogo yenu."

"Kuleni," alisema yule mkubwa bila kugeuka. "Mimi sina la kuongea na mtu huyu."

Wakazama kwenye majani. Baada ya muda tukasikia kicheko. Vicheko viwili, kimoja kizito, kingine chembamba, vinapokezana. Mama akatabasamu, akamimina chai. Tulikula mihogo, tukapiga soga, na hakuna aliyekuwa na haraka.

Shemeji mdogo alirudi peke yake, jua likiwa limeanza kulala.

"Mwenzio yuko wapi?" Mama akamuuliza.

"Si alirudi kwenu? Aliniacha zamani."

"Aliondoka mkiwa mmepatana?"

"Kupatana wapi, mama. Hatukusemezana hata neno."

"Tumewasikia mnacheka."

Akatutazama mmoja mmoja, kama anayesubiri tumwambie ni utani. "Hakuna aliyecheka," alisema.

Tuliita mpaka sauti zikakauka. Kesho yake waliingia wanakijiji, wachoma mkaa, polisi. Hawakupata hata kiatu. Shemeji mdogo alihojiwa akaachiwa, lakini mkewe alimtumia ujumbe: kama mlicheka pamoja, nitajua ndugu yangu aliondoka na moyo mweupe, nitarudi, kama hamkucheka, mimi najua ulichomfanya.

Tangu siku hiyo hakuna aliyegombana tena bandani. Tulipishana kwa adabu kama wageni msibani. Mama hakufunga tena mlango katikati ya kazi, na mtu akitaka kucheka alitoka nje, akarudi bila kucheka. Shemeji mdogo alinijia karibu kila jioni, kwa kuwa mimi nilikaa mbele siku ile. "Kile kizito kilikuwa chake?" Nilimjibu kwamba nilisikia, lakini cha nani sijui. Na usingizini nilivisikia vyote viwili, karibu zaidi kuliko siku ile. Ndipo nikajua kwamba mji huu nao umenishinda.

Siku ya kuondoka shemeji mdogo alinibebea begi mpaka stesheni. Treni ya Tabora ilikuwa imechelewa, tukakaa kwenye benchi.

"Ndugu yangu, leo ndiyo unakwenda. Mlisikia watu wangapi?"

"Wawili."

"Una hakika ni wawili?"

"Wawili. Wote tulisikia."

Akaangalia reli. "Na kule tulikuwa wawili tu," alisema. "Basi na mimi nilicheka. Nimesahau tu."

Sikumkatalia. Sikuwa na cha kumpa badala yake.

Treni ilipoondoka nilimwona kupitia dirishani akivuka reli kuelekea kwa wakwe zake, hatua za haraka, mdomo wake ukifunguka na kufungika, anajaribu kukumbuka alivyocheka.