Nilionja Waya Nisioweza Kuununua

Hili halikumpata binamu yangu wala rafiki wa rafiki yangu. Lilinipata mimi mwenyewe, hapa hapa Songea, mchana kweupe, na sikuwa nimegusa pombe. Usiponiamini sitakulaumu. Hata mke wangu ilimchukua muda.

Ilikuwa miaka ile soko lilipofunguliwa na watu binafsi wakaruhusiwa kununua kahawa. Pesa ziliingia mjini, redio kubwa zikafuata. Mimi nilikuwa fundi redio, na bila kujisifu, nilikuwa na sikio. Mteja akiwasha redio yake mlangoni, kabla hatujasalimiana nilishajua inaumwa nini. Hata Odilia, mke wangu, nilimpata kwa sikio. Nilisikia sauti yake kwenye kwaya ya parokia kabla sijaiona sura, nikasema huyu ndiye. Kaseti ya kwaya yao ndiyo niliyotumia kujaribia redio za watu.

Basi mnunuzi mmoja wa kahawa, Bwana Haule, akaleta mtambo wa muziki kutoka Dar es Salaam, spika zinanifika kiunoni. Akaniita kwake Mjimwema niufunge, yeye akaenda Mbinga kwa shughuli zake. Nikaufunga kwa waya wa kawaida wa dukani. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, kwa hiyo nikakaa sebuleni kungoja urudi. Nje mvua ya Januari inashuka. Wewe unayeishi chini ya bati unaijua mvua hiyo: mtu akikupigia kelele sikioni, unaona midomo tu.

Akaingia mtu mzima mmoja, suti ya kijivu, mkoba mdogo mkononi. Nikamwamkia, "Shikamoo." Hakuitikia. Hapo ndipo ilinipasa kuinuka niondoke, maana mtu mzima gani wa huku anaamkiwa halafu asiseme marahaba? Kisha akaongea, kwa sauti ya chini kabisa, nami nikasikia kila neno. Nikatazama dirishani. Mvua ilikuwa inanyesha vilevile, maji yanamwagika kutoka kwenye bati, ila bila sauti yoyote. Mwili ulinisisimka, lakini mdomo wangu haujawahi kujua wakati wa kufungwa.

Alitoa vimiguu vinne vya shaba vya kuweka chini ya spika, kila kimoja bei ya ng'ombe watatu. Akatoa kitambaa cha kupangusia mtambo, bei ya baiskeli mpya. Mwisho akatoa waya wa spika, mfupi tu, mweusi, laini kama mkia wa paka.

"Na huu kiasi gani?" nikauliza.

"Kahawa yote aliyonunua mwenye nyumba msimu uliopita."

Nilicheka mpaka nikashika tumbo. Waya! Mimi ambaye nimechuna waya kwa meno tangu ujana! Shaba ni shaba, nani asiyejua?

"Punguza, mzee."

"Haupungui."

"Basi nionje kwanza," nikasema.

Unaelewa nilichofanya? Sisi huku karanga tunaonja, pombe tunaonja, hata asali hatununui mpaka tuchovye kidole. Ukionja usipoipenda unaondoka zako, hakuna anayekudai. Nilidhani nimembana.

Akatabasamu. "Onja, fundi. Kuonja ni bure."

Akabadilisha waya kwenye spika moja tu, akaichukua kaseti yangu, akabonyeza. Umeme ulikuwa haujarudi, naapa, na kaseti ikazunguka.

Nikamsikia Odilia. Kwaya nzima ilikuwa inaimba, lakini nilimsikia Odilia. Nilisikia ulimi wake ukiachana na meno. Nilisikia akimeza mate kabla ya ubeti wa pili, na gauni lake likigusa benchi la mbele. Alikuwa karibu kuliko alivyowahi kuwa kitandani kwangu. Nililia, ndugu yangu, fundi mzima na bisibisi mkononi.

Kisha akazima, akaanza kukunja waya wake. Sasa hata neno punguza lilinitoka kichwani. Nikamwambia, "Mzee, nina shamba Maposeni. Lichukue."

"Shamba lako halifiki," akasema, akatoka.

Mara kelele za mvua zikanipasukia kichwani. Nikakimbilia jikoni uani, nikamuuliza mke wa Haule kama amemwona mgeni.

"Mgeni gani tena, fundi? Mimi si niko hapa hapa mlangoni?"

Sauti yake ilinishtua. Ilikwaruza kama inatoka kwenye spika iliyochanika. Nikajipa moyo kwamba ni mvua. Nikafika nyumbani, Odilia akanipokea, "Pole na kazi, Baba Nestori," na sauti yake ikakwaruza vilevile.

Ndivyo ilivyo mpaka leo. Watu, redio, ndege, mtoto wangu mwenyewe. Daktari wa misheni alinimulika masikio, akasema ni mazima. Haule aliporudi alisikiliza mtambo wake kwa waya wangu wa dukani, akacheza sebuleni kwa furaha, mimi nimesimama pembeni nimeuma meno. Ufundi niliuacha, kwa kuwa redio nzima na mbovu kwangu zilikuwa kitu kimoja. Naziba pancha za baiskeli.

Kwa Odilia nilijaribu kuficha. Lakini kila alipoimba akichambua maharage, uso wangu ulijikunja wenyewe. Siku moja akanibana, nikamweleza yote. Wiki zilipita ndipo akaniamini.

"Na kwenye hiyo kaseti alikuwa anaimba nani?" akauliza.

"Wewe."

"Angekuwa mwanamke mwingine ningejua la kufanya," akasema. "Sasa mimi nitashindana vipi na mimi?"

Akaacha kwaya. Nilitamani kumwomba arudi, lakini arudi amwimbie nani, na mimi namsikia hivi? Inaniuma kuliko ninavyoweza kueleza. Siku hizi huimba akiwa bombani na wenzake, na majirani wanasema sauti yake haijachuja hata kidogo. Nikitokea tu, ananyamaza na kujitwisha ndoo yake.

Kwa hiyo akikujia mtu na kitu cha bei ya kuchekesha, cheka, mfukuze, hata mwite mwizi ukipenda, ila usimwambie nionje. Na kama nyumbani una mtu anayeimba, hata anayeimba vibaya, nenda ukakae karibu naye leo. Mwache aimbe mpaka achoke. Wewe bado unamsikia.