Mchumba wa Bibi wa Kikorea

Nisikilize vizuri, maana kosa langu lilianzia kwenye ukimya.

Kazi yangu hapa Kasulu ni kutafsiri filamu kwenye banda la video. Picha ikicheza, nashika maikrofoni na kusema kwa Kiswahili kila kinachosemwa, na sauti zote ni zangu: jambazi, polisi, mama mkwe. Sheria ya banda ni moja, mtafsiri hanyamazi. Akinyamaza, watu wanadhani umeme umekatika.

Basi tamasha la filamu mpya za Kikorea likatufikia: filamu moja Kasulu, nyingine Kibondo kesho yake. Dada aliyelileta hakuniamini sana. "Kaka, tujaribu hapa kwanza. Ukituharibia, Kibondo tutaonyesha na maandishi tu." Na maandishi yenyewe ni ya Kiingereza. Niliitaka hiyo Kibondo mpaka chakula kikanishinda.

Mchana wa onyesho ukumbi ulijaa, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Mama yangu alikaa mbele na wenzake wa kwaya. Nusu saa ya kwanza nilipaa. Nilikuwa mkwe, mara mwenye nyumba, mara mtoto anayelia, watu wakacheka mpaka benchi moja likalala chini.

Kisha bibi mmoja kwenye filamu akaanza kuandaa meza. Akamenya matunda, akapakua wali, akaweka samaki, akarudi kusogeza kijiko. Hasemi neno. Hofu ya bandani ikanishika, nikamtungia: "Leo mchumba wangu anakuja. Sijui samaki anakula?"

Ukumbi ukavunjika kwa kicheko.

Bibi akaleta picha ya mzee, akaisimamisha nyuma ya vyakula, akainama mpaka paji la uso likagusa sakafu.

"Mwanangu," mama akasema, ukumbi mzima ukamsikia, "huyo mchumba mbona yuko kwenye fremu?"

"Mwacheni," mtu akadakia nyuma. "Mwanaume mkimya hivyo anafaa kuolewa naye."

Nikashika maikrofoni kwa mikono miwili. "Jamani, nimewadanganya. Bibi hakusema kitu. Huyo ni mume wake, amefariki, na chakula ni chake." Halafu nikanyamaza, mara ya kwanza tangu nianze kazi.

Bibi akainama tena. Mama na wenzake nao wakainama pale walipokaa, wakapiga makofi yale ya polepole, kama sisi Waha tunavyomsalimia mkubwa huku kwetu. Mstari wa nyuma yao ukafuata, na wa nyuma tena. Hakuna aliyeniuliza bibi anafanya nini.

Filamu ilipoisha, yule dada alikuwa anafuta macho huku anacheka. "Gari la Kibondo linaondoka kesho saa mbili asubuhi," akasema. "Njoo na mdomo wako. Na ule ukimya usiusahau nyumbani."

Nilirudi nyumbani nikirukaruka kama mbuzi aliyefunguliwa, mama ananizomea njia nzima: "Mchumba! Mchumba!"

Kwa hiyo nawe siku ukipewa maikrofoni, fanya hivi: mtu wa kwenye picha akifunga mdomo, ishushe mpaka kifuani, na usiipandishe mpaka aufungue mwenyewe.